Pini Kumi na Moja

Ranchi ya Maddock, Montana
14 Oktoba 1988

Mpendwa Baba,

Na uliponiuliza lile swali la mwisho Jumapili, nikanyamaza hadi ukadhani simu imekatika, haikuwa imekatika. Nilikuwa nimesimama jikoni kwa mama mkwe, unga umenijaa vidoleni, nakusikia ukiniita Corinne, Corinne, kisha ukajisemea kwamba laini za huku milimani ndivyo zilivyo, ukaweka mkono wa simu chini. Jibu nilikuwa nalo. Ndiyo maana leo nimeshika kalamu.

Lakini kwanza nikusalimu, maana Mama alikuwa akisema barua isiyo na salamu ni kama mgeni anayeingia sebuleni na matope viatuni. Hujambo, Baba? Goti la kushoto linasemaje na baridi hii? Unakula chakula cha moto, au ni biskuti na kahawa ya jana? Sisi huku ni wazima. Theluji ya kwanza imeanguka Jumanne, nyembamba tu, na ng'ombe wameteremshwa kutoka malisho ya juu bila kupotea hata ndama mmoja.

Kesho natimiza wiki ya nane ya ndoa, na sijui nikuelezeje furaha yangu bila kuonekana mjinga. Kila asubuhi Lyle huweka glavu zangu juu ya jiko la kuni kabla hajaweka zake. Hanisemeshi, huniwekea tu, halafu hutoka. Nikimwona dirishani akivuka uwanja na robota la nyasi begani, moyo unanienda mbio kama vile sijawahi kumwona. Najikuta nikiandika jina langu jipya pembezoni mwa gazeti, Corinne Maddock, Corinne Maddock, kama mwanafunzi asiyesikiliza somo. Mama mkwe ameniona na kunicheka hadi akakaa kitini. Aliniambia nisiwe na haraka, nitaliandika sana kwenye fomu za chanjo za ng'ombe mpaka nilichoke.

Naona aibu kukuandikia haya, wakati wewe umemzika mbwa wetu Dolly peke yako nyuma ya banda.

Maneno yako nimeyarudia moyoni tangu Jumapili. Kwamba mbweha watatu walimchokoza Dolly atoke nje ya ua saa moja asubuhi, naye kwa uzee wake na meno yake sita akawafuata, akidhani bado ana miaka miwili. Kwamba ulitoka barazani na bunduki, ukalenga, hatua arobaini tu, ukafyatua, nayo ikalia tak, kama komeo la kabati. Ukarudi ndani mbio, ukachukua ile ya marisau, nayo ikalia tak. Ulipofika kwake na fimbo ya zizini, alikuwa ameshakufa. Ukazifungua bunduki zote juu ya meza, zote kumi na moja, na hapakuwa na hata moja yenye pini, kile kijiti cha chuma kinachogonga kitako cha risasi. Siku mbili ukapekua nyumba: makopo ya kahawa, mifuko ya makoti, hata pipa la unga la Mama. Na kwa kuwa huko kwetu hakuna mtu anayegusa bunduki ya mwenzake bila ruhusa, ukaona maelezo ni moja tu. Umezitoa wewe, umezificha wewe, na hukumbuki. Akili yako imeshika njia ya usahaulifu ya Babu Nils. Kwa hiyo umemwita dalali azinadi bunduki zote Jumamosi ya kwanza ya Novemba, na umeandikisha jina lako kwenye nyumba ya wazee mjini. Ukaniuliza kama mimi nami niliona dalili, nikakusihi kwa jina la Mama nisikufiche. Sivyo, wewe ndiye uliyenisihi. Unaona jinsi ninavyochanganya.

Sitakuficha, Baba. Ila niache nifike huko kwa mwendo wangu.

Baba mkwe wangu, mzee Emmett, ana bunduki thelathini na mbili, na mwanzoni nilidhani hazina mpangilio wowote. Nyingi ni kuukuu, nyingine hazina hata risasi zinazouzwa siku hizi. Nilipomwuliza anazichaguaje, alinipa moja mkononi, nikafanya ulivyonifundisha: nikafungua, nikatazama ndani, nikapitisha kidole kuhakikisha hamna kitu, ingawa yeye alikuwa amefanya hivyohivyo mbele ya macho yangu. Alifurahi sana. Alisema nimelelewa. Kisha akanionyesha kitakoni herufi mbili zilizochongwa kwa kisu. Yeye hanunui bunduki isiyo na alama ya aliyeitangulia kuwa nayo. Moja ina kitako kilichovunjika, mtu akakifunga kwa waya wa shaba, mzunguko baada ya mzunguko, safi kama kazi ya mshonaji. Mzee anasema mtu aliyefunga ule waya hakuwa na bunduki nyingine na msimu ulikuwa umeanza, na yeye hawezi kumwacha mtu wa namna hiyo rafuni dukani.

Mama mkwe alidakia kutoka jikoni kwamba Emmett anajua siku aliyozaliwa kila maiti aliyewahi kushika zile bunduki, lakini ya mkewe hakumbuki. Mzee akajibu kwamba mkewe hajajichonga herufi popote. Lyle, kama ulivyoona, ana moja tu, mpya, kitako cha plastiki nyeusi, na baba yake huiita kijiko cha hospitali. Lyle hujibu kwamba kijiko chake kinapiga kinapolengwa, na hakihitaji kusimuliwa hadithi kwanza. Nilicheka pamoja nao, Baba, kisha nikakimbilia nje nikisingizia kuni. Nilikuwa nimekumbuka kabati lako.

Maana zako nazo nazijua moja moja. Ile ya wenzo, ya kukoki kwa mpini wa chini, uliichagua vuli niliyozaliwa kwa sababu ni bapa, inalala chini ya goti ukiwa juu ya farasi, na unaweza kuikoki bila kuvua glavu. Ya Ami Halvor, aliyorudi nayo vitani, hujawahi kuifyatua, na hukuichagua, ilikuchagua. Yangu ndogo, ya risasi moja, ulininunulia nilipofika miaka kumi. Wenzangu walikuwa na za risasi kumi, nikalia. Ukaniambia mwenye risasi moja hujifunza kungoja. Na ulinifundisha kuifungua yote juu ya gazeti, kipande kwa kipande, mpaka ukawa unanifunga kitambaa machoni, na wewe na Mama mkihesabu dakika.

Halafu ile ya Mama, ya marisau, nyepesi. Mama alikuwa na mabega ya ndege, na kila bunduki ilimchubua. Ukachukua msumeno ukakata kitako vidole viwili. Nakumbuka yule muuzaji aliyekuja kuitazama akashika kichwa, akasema umeiua, bunduki nzuri namna ile sasa haina bei. Ukamwambia huiuzi bunduki, wala bega ulilolikatia. Nilikuwa mlangoni. Nikasema moyoni, nikiolewa, niolewe na mtu atakayenikatia kitu namna hiyo.

Sasa nimefika.

Unakumbuka Machi, siku ya tisa baada ya kumzika Mama. Nilirudi kutoka kazini mapema, nikakukuta jikoni, koti mwilini, na ile bunduki yake imelala mapajani mwako. Uliniambia unaipaka mafuta. Nikasema sawa. Nikawasha jiko, nikakaanga viazi, ukala. Lakini mezani hapakuwa na chupa ya mafuta, Baba, wala kitambaa. Wewe uliona kwamba nimeona. Na kwetu hatuulizani mambo hayo. Tunaulizana kuhusu mvua.

Toka siku ile nilikuwa nikiamka nakusikiliza ukikohoa ndipo nalala tena. Lyle aliponiposa Mei, nilimwambia ndiyo kabla hajamaliza sentensi, kisha nikaingia chooni nikalia, maana nilijua kusema kwangu ndiyo ni kukuacha peke yako na lile kabati. Ningekuuliza. Ningekwambia ninavyoogopa. Ningemwambia mchungaji, au daktari. Sikufanya hata moja. Nilikuwa na furaha yangu mkononi kama yai, na niliogopa mtu yeyote akiniuliza neno moja litaniponyoka.

Alhamisi, siku mbili kabla ya harusi, ulikwenda mjini kwa kinyozi na kuchukua suti. Ulikuwa unanyolewa kwa ajili yangu. Nikatandika gazeti mezani, nikazitoa bunduki zako moja moja, nikazifungua kama ulivyonifundisha, na kila moja nikaitoa pini. Ilinichukua saa mbili na robo. Nikazirudisha jinsi zilivyokuwa, mitutu ikitazama upande uleule. Pini nikazitia kwenye chupa ya jamu, na chupa nikaizungushia shela langu la harusi, nikaja nayo huku. Imo sandukuni, futi sita kutoka hapa ninapoandika.

Ni mimi, Baba. Si wewe. Hukusahau kitu chochote. Huna hata chembe ya ugonjwa wa Babu Nils. Mikono yako haijakuasi. Ni mtoto wako aliyekuibia, kisha akasimama kanisani umemshika mkono, akatabasamu.

Nilijidanganya kwamba huwindi mwaka huu, maana harusini ulisema bila Mama wa kupika ile nyama huna hamu. Nilipanga nije Krismasi, nikuangalie usoni, nizirudishe kimyakimya usijue kamwe. Dolly hakuwemo kwenye hesabu zangu. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba bunduki mbovu ni hatari kuliko nzima, kwa kuwa mwenyewe bado anaiamini. Nilijua hilo nikiwa na miaka kumi. Na wewe ulisimama barazani ukiiamini, na Dolly alikuamini wewe.

Jumatatu nilimwambia Lyle. Alikuwa hajui kabisa. Aliweka kikombe chini, akatoka, akapasua kuni mpaka fungu likawa refu kumzidi. Aliporudi alisema hanihukumu kwa kuogopa, hata yeye angeogopa. Lakini mtu akishafiwa na mkewe na mbwa wake, asinyang'anywe akili yake juu ya hayo, tena na mwanawe. Alisema nikikaa na siri hii hadi ukahamia nyumba ya wazee, yeye ataendelea kunipenda ila hataweza kunitazama. Hajawahi kusema maneno mengi hivyo tangu nimjue. Usiku ule sikulala nimegeukia ukuta, alinishika mkono.

Mpigie dalali simu umwambie asije. Kama kweli unataka kuziuza, ziuze kwa sababu yako mwenyewe, si kwa sababu ya uongo wangu. Futa jina lako kule mjini. Kama hutaki kunisamehe, sitakulaumu, wala sitaacha kuandika.

Mama mkwe anakusalimu na amekufungia lefse kumi na mbili, ile mikate ya viazi, amejifunza kwangu na bado zinamkatikia kikaangoni. Mzee Emmett anasema ukija huku kuna mtutu mmoja anaubishania na Lyle, na wewe ndiwe hakimu. Lyle anasema tu, mwambie Baba namheshimu. Mwekee Dolly jiwe jeupe kutoka kijitoni kwa niaba yangu, kama mkono wako bado unakubali kufanya jambo kwa niaba yangu.

Usinijibu kwa simu. Kabla mwezi huu haujaisha, Ijumaa tarehe ishirini na nane, mimi na Lyle tutateremka huko, yeye atashughulika na paa la banda na sisi wawili tutakaa jikoni. Nitaweka ile chupa mezani katikati yetu, ikiwa imefungwa. Sitaifungua mpaka nikuulize nilichopaswa kukuuliza Machi, nikiwa bado na sufuria mkononi, ulikuwa unataka kufanya nini na bunduki ya Mama. Utanijibu vyovyote ilivyo. Nami safari hii sitawasha jiko.

Mwanao,
Corinne