Nimeharibu Prosesa ya Marehemu, Lawama Amebeba Shemeji

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Mpendwa Mshauri wa Ukurasa wa Tisa,

Nakuandikia kwa sababu nimekosa pa kusemea. Mimi ni fundi cherehani, mjane wa miezi minane, elimu yangu ni ya msingi, kwa hiyo nikizunguka sana unisamehe. Watu wawili ambao ningewaambia haya ndio hao hao niliowakosea.

Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa mafriji. Alikuwa mtu wa taratibu, akimaliza kutengeneza friji ya mtu anaigonga mlango mara mbili kwa vidole, anaiambia, "Haya, pumua," ndipo anakusanya vifaa vyake. Tuna binti mmoja wa miaka kumi na saba, baba yake alimwita Mkaguzi kwa sababu tangu akiwa mdogo hakuna kitu kilichoingia nyumbani asikigeuze chini juu. Huyu binti anapenda gemu za kompyuta, tena anajua hata jinsi zinavyotengenezwa, na alikuwa akimwomba baba yake kompyuta yenye nguvu ya kuzicheza. Iliyokamilika dukani hatukuiweza, bei yake ni ya pikipiki, basi baba yake akasema wataiunga wenyewe kipande kwa kipande, wakaandika orodha nyuma ya karatasi ya kalenda, prosesa ambayo ndiyo ubongo wake, mazabodi, ramu, kadi ya picha, pawa saplai ya kuigawia umeme, na kasha la kuvitia vyote, wakabishana juu ya ile orodha wiki nzima kama wabunge. Binti alitaka kasha la kioo lenye taa. Baba yake akamwambia ukianza na kasha utabaki na kabati la vyombo, tuanze na kichwa, mwili utafuata. Kasha akapewa bure na mteja, la bati, la zamani, na prosesa akainunua iliyokwisha kutumika kwenye ofisi moja iliyokuwa inafungwa. Siku aliyoileta aliipuliza vumbi kwa mdomo, binti akamgombeza kwamba anaitemea mate, naye akamjibu kwamba mate ya baba ni baraka.

Mimi nilisema nini siku ile? Nilisema mtoto wa kike na gemu wapi na wapi, na paa linavuja. Yeye aliifunga prosesa katika kiboksi chake cha plastiki akaiweka kwenye kabati lililo juu ya cherehani yangu, na wiki tatu baadaye akaanguka akiwa kazini, kwenye jokofu la duka la nyama, na hakuamka. Maneno yale hayakupata nafasi ya kufutwa.

Ndiyo maana mwezi wa nne nikaona nimalizie mimi. Sikumwambia binti, nilitaka afike kutoka shule aikute mezani. Nilichukua futi yangu ya kupimia nguo nikapima kasha kwa ndani, urefu, upana na nafasi kati ya tundu na tundu la skrubu, nikaandika vipimo kwenye karatasi kama ninavyoandika vya mteja, nikaenda kwenye duka la vifaa vya kompyuta kununua mazabodi, ile bodi kubwa ambayo vitu vyote hukaa juu yake. Muuzaji akaniuliza ni ya prosesa gani, nikamwambia ya kawaida, nikampa karatasi ya vipimo. Aliisoma akatabasamu, akasema, "Mama, hii si suruali. Niletee hiyo prosesa niione, au hata picha yake." Nilimwona ananidharau, tena nikadhani anatafuta njia ya kuniuzia nyingine, basi nikamwambia yeye anipe ya vipimo vile na mengine aniachie. Akanipa iliyopunguzwa bei, ambayo hairudishwi.

Nilifika nyumbani nikaiweka katika kasha, ikakaa kama imezaliwa humo. Skrubu zote zikaingia. Nilifurahi, mshauri, nikasema peke yangu, unaona, baba Mkaguzi, hata mimi naweza. Halafu nikatoa prosesa. Chini ina pini kwa mamia, nyembamba kuliko sindano yoyote niliyo nayo, na haikutaka kukaa. Sasa sisi mafundi wa nguo, mkono wa shati ukiwa mkubwa kuliko tundu lake la bega, hatuukati, tunaubembeleza, tunausukuma kwa kidole gumba kidogo kidogo mpaka unakubali. Nami nikaibembeleza hivyo hivyo kwa kidole gumba. Nikasikia kitu kama uzi unakatika. Nilipoigeuza, safu nzima ya pini ilikuwa imelala kama majani yaliyokanyagwa.

Niliirudisha kwenye kiboksi, na ile mazabodi nikaifungua kutoka kwenye kasha nikaificha chini ya vitambaa vya wateja.

Wiki iliyofuata akaja shemeji yangu, mdogo wa marehemu, ambaye ni mpaka rangi. Tangu msiba alikuwa anakuja kila Jumamosi bila kuitwa, na anavyokohoa kabla ya kubisha hodi ni kaka yake mtupu. Alikuja kutupakia rangi chumba, akatoa nje vitu vyote, na kile kiboksi pia. Jioni binti akakifungua akaona pini. Alimgeukia baba yake mdogo pale pale sebuleni, akamwambia, "Baba aliacha kitu kimoja tu, na wewe umekikanyaga." Yule mtu hakubisha. Alisema huenda kilimponyoka alipobeba vitu vingi kwa pamoja, hakumbuki, lakini huenda, na akaomba radhi. Ameomba radhi kwa kosa langu mbele yangu, mshauri, mimi nimesimama na pasi mkononi, na sikufungua mdomo.

Aliosha brashi akaondoka. Ukuta mmoja haujapakwa mpaka leo, na hajaja tena. Kilichonimaliza ni binti, siku moja anakunja nguo za baba yake akaniambia, "Bora wewe mama, angalau unatunza vitu vya baba."

Sasa jana shemeji amenitumia ujumbe kwamba anachukua kazi hata siku zake za mapumziko, kwamba amepata prosesa kama ile, ataikamilishia malipo Jumamosi na Jumapili ataileta ili mtoto amsamehe. Mimi nafikiria nimwache tu ailete, binti apate kompyuta yake, wapatane, na yeye apate amani, ya nini kufukua. Lakini ule ujumbe wake nausoma na kuurudia. Nikisema, binti yangu atanichukia, na sina mwingine. Je, nikinyamaza itakuwa vibaya sana?

Najua barua ni nyingi. Wewe nikumbuke tu, hata kwa mistari miwili.

Fundi Cherehani


MSHAURI ANAJIBU

Mama Mkaguzi,

Pole kwa msiba. Naisema sasa na naisema kwa moyo, kwa sababu baada ya hapa utadhani sina huruma. Barua yako nimeipata Jumatano, nikamwomba mhariri aiweke mbele ya nyingine ili uisome leo Ijumaa, kwa ajili ya hiyo Jumapili unayoingoja kama mwizi anavyongoja mvua imfutie nyayo.

Prosesa uliiharibu kwa mapenzi na kwa kutojua. Uliambiwa uende nayo dukani ukaona unadharauliwa. Sawa, wangapi hatujafanya hivyo mbele ya muuzaji anayejua kuliko sisi. Kwa hilo sina ugomvi nawe. Ugomvi wangu unaanzia sebuleni. Pasi ilikuwa mkononi, mama, haikuwa mdomoni.

Unasema shemeji yako atapata amani. Amani ipi? Huyo mtu anaamini amevunja kitu cha mwisho cha kaka yake. Anapanda ngazi na jambo hilo, anashuka nalo, na sasa analilipia kwa siku zake za kupumzika. Amefiwa kama wewe. Wewe umemwongezea kaburi la pili, halafu unaniuliza kama ni vibaya sana. Ndiyo. Ni vibaya sana.

Na binti yako naye, unadhani unamlinda? Umemnyang'anya baba mdogo aliyekuwa anakuja bila kuitwa. Watu wa namna hiyo hawauzwi popote, hata waliokwisha kutumika.

Sasa sikiliza. Shemeji ndiye wa kwanza, na ni leo, kabla hajakamilisha malipo. Usimtumie ujumbe. Nenda anakofanyia kazi, mngoje ashuke ngazi, mwambie kwa maneno machache: niliiharibu mimi, wewe hukuigusa. Usimweleze habari za mkono wa shati. Hiyo ni sababu, na sababu atakuuliza mwenyewe akitaka. Kisha umwombe aje nyumbani nawe, kwa kuwa aliyeaibishwa sebuleni hasafishwi pembeni. Akikataa kuja, usimlaumu, nenda peke yako ukamwambie binti jioni hii hii.

Toa ile mazabodi chini ya vitambaa uiweke mezani, akutane na ukweli wote kwa mara moja. Na usilie kwanza. Ukilia, atalazimika kukubembeleza, hasira yake ataimeza, na hasira iliyomezwa na mtoto wa miaka kumi na saba hukaa miaka. Akikuambia maneno yale aliyomwambia baba yake mdogo, yapokee. Yalikuwa yako tangu mwanzo, yalipotea njia tu. Siwezi kukuahidi kwamba atakusamehe wiki hii, wala mwezi huu. Huenda utakaa mezani na mtu asiyekusemesha. Usimnunulie kitu, usimshonee kitu, usimwombe akuambie kwamba yameisha.

Kuhusu prosesa yenyewe nimemuuliza fundi anayetutengenezea kompyuta hapa ofisini. Anasema pini zilizolala huweza kunyanyuliwa moja moja na mtu mwenye lenzi na subira, na kwamba mtu huyo asiwe wewe. Kama kuna iliyokatika kabisa, huenda isiwake tena, na ujiandae kwa jibu hilo. Bodi uliyonunua si mbovu, ina mwenzake mahali fulani. Iuzeni, na fedha hiyo ianze kutafuta bodi inayolingana na prosesa, ile ya zamani ikipona au nyingine isipopona. Anasema pia kwamba wanaojenga kwa fedha kidogo hukosea kubana kwenye pawa saplai, na ya bei ya kutupa ikiungua huondoka na vingine vyote. Hayo mwachie binti. Orodha ni yake na baba yake. Kazi yako ni kuuliza anataka ipi, na kusema tunayo au hatuna.

Na yale maneno uliyomwambia marehemu, ya mtoto wa kike na gemu. Unatafuta kuyafuta kwa kununua vifaa. Hayafutiki. Mume alikusikia, akaiweka prosesa juu ya cherehani yako, akaendelea kuishi nawe wiki tatu. Kama alikukasirikia ama hakukukasirikia, hutajua, na mimi siwezi kukudanganya. Utaishi nayo hivyo hivyo, wengi tunaishi na ya kwetu. Lakini la shemeji bado lina mlango, na mlango huo unafungwa kesho akishatoa fedha zake.

Umeshasoma. Kunja gazeti, vaa viatu, uende.