Tangi Lisilo na Mbegu

Jumatatu, 3 Machi

Leo mimi ndiye mfalme wa maabara. Niandike haraka kabla hawajanivua taji.

Walikuja wanafunzi wa chuo kutembelea. Mkuu wa maabara alikuwa kwenye simu, mwenzetu Miwani ana haya mbele za watu, basi nikawapa mhadhara mimi. Mimi niliyeacha shule kabla shule haijaniacha! Nikawaambia: huu mtungi wa kioo wenye kifuniko cha chuma na mipira ya hewa iliyochomoza juu kama nywele za mtu aliyeamshwa, ndio fementa. Sisi wenyewe tunaliita tangi. Ndani kuna supu nyekundu, chakula cha seli. Dada yangu anaotesha mbegu za seli kwenye vichupa kule chumba cha pili, akimaliza ananikabidhi, namwaga humu. Nazipa joto, hewa, nazikoroga polepole. Yeye mama, mimi yaya. Zikikomaa, Mkuu anatengenezea chanjo ya kuku. Wakaandika kila kitu. Mmoja aliniita daktari. Sikumrekebisha.

Saa ile ile namba ya oksijeni ikaanza kuporomoka. Kipimo chake ni kizima, nimekikagua. Maana yake seli zinakula — zinavuta hewa kama waalikwa waliosikia sahani zikigongana jikoni. Nikamwita Miwani, yule wa hadubini. Njoo uone ufugaji. Akasema ngoja nichukue tone niangalie. Nikamwambia tone la nini, we kahesabu chupa za chanjo.

Dada alisimama mlangoni akatazama namba. Nikamwambia sema basi, si nimelea? Akasema, "Si mbaya." Hilo ndilo neno lake. Ningemjengea ghorofa angesema si mbaya.

Jumanne, 4 Machi

Taji limevuliwa.

Supu imekuwa ya njano, nzito, kama maji ya kuoshea mchele. Inanuka uchachu. Waliokuwa wanakula si seli. Ni bakteria. Seli hazina njaa ya namna ile, na mimi najua, nilifundishwa siku ya kwanza kabisa. Oksijeni ikianguka kwa kasi, usishangilie, chukua tone. Nimeshangilia mbele ya chuo kizima.

Miwani akatoa jicho kwenye hadubini akasema, "Bwana mfugaji, umefuga fisi."

Hili ni tangi la tatu kuharibika mfululizo. Mkuu hakufoka. Afadhali angefoka. Watu wote wakanitazama mimi. Dada alitazama sakafu.

Jumatano, 5 Machi

Kikao. Mkuu amesema uchafu unaingia kwa njia mbili tu: tangi linavuja au mbegu inakuja nao. Miwani akasema mbegu aliiangalia kabla ya kumwagwa, hakuona kitu, ila bakteria wakiwa wachache hawaonekani.

Watu wakacheka. Mbegu ya nani, ya Dada? Humu ndani wanamwita Mkono Safi. Miaka yote hii hajawahi kuharibu kichupa. Fundi Mabomba, anayetutengenezea mitambo, akanigeukia mimi. Eti huyu bwana anakaza nati za kifuniko kama anafunga mzigo kwenye baiskeli. Kicheko tena. Na mimi nikacheka, ningefanyaje.

Mkuu ameamua. Tangi lifungwe, lipikwe kwenye otoklevu, ile sufuria ya mvuke inayoua vijidudu, litiwe supu tupu bila mbegu. Likae na joto, hewa na kukorogwa, kama kawaida, mpaka Jumanne asubuhi. Dada asiliguse. Supu ikigeuka njano, kosa ni la tangi, yaani mimi, narudi kuosha chupa. Ikibaki nyekundu...

Mkuu akakohoa. Akasema ikibaki nyekundu itabidi kabati la mbegu apewe mtu mwingine. Dada atapelekwa stoo kupokea mizigo.

Dada akasema, "Basi nitahesabu maboksi." Watu wakacheka tena. Yeye akacheka wa mwisho.

Njiani kurudi nyumbani nikamwambia usiwe na wasiwasi, wanajua ni mimi. Akasema, "Tembea, mvua inakuja." Hapakuwa na wingu.

Alhamisi, 6 Machi

Mzigo wa baiskeli! Leo nimewaonyesha.

Nimebadilisha mipira yote ya kuziba. Nimeipaka grisi kidogo, si nyingi. Nati nimekaza kwa msalaba — hii, halafu ya upande wa pili, halafu zile mbili za kati — nusu mzunguko kila moja, bila pupa. Kichujio cha hewa kipya. Nikajaza hewa, nikapaka povu la sabuni kila kiungo, nikakaa kulitazama kama paka mbele ya shimo. Hakuna hata kipovu kimoja kilichovimba. Likaenda kwenye otoklevu, likarudi, likapoa. Supu nikaipitisha kwenye kichujio mwenyewe.

Fundi Mabomba akazunguka mara mbili akitafuta cha kusema. Mwisho akasema, "Leo umefunga kama mtu aliyeoa."

Dada alipita na sinia la vichupa. Akasema acha kulibembeleza, si mtoto. Nikamwambia Dada, hili hata likizikwa litafufuka safi. Akaenda zake. Vichupa viligongana kidogo kwenye sinia, nikadhani ni mwendo wake wa haraka.

Ijumaa, 7 Machi

Nyekundu kama jana. Mstari wa oksijeni umenyooka, hauna hata nundu. Nimemwita Fundi, nimemwita Miwani, nimemwita hadi mfagiaji. Njooni mtazame mzigo wa baiskeli. Nimeimba.

Kisha nikaenda kumringia Dada.

Chumba chake kina dirisha la kioo. Ukiwa unafanya kazi kwenye kabati la hewa safi, lile la mbegu, hupaswi kusemeshwa, kwa hiyo nikasubiri nje, pua kwenye kioo, nikimtengenezea sura za kipuuzi ili akinyanyua macho acheke. Hakunyanyua. Alikuwa anavipa vichupa chakula kwa pipeti, ile neli nyembamba ya kunyonyea. Mkono wa kulia ulikuwa unatetemeka. Si kama mtu mwenye baridi. Unakwenda, unatulia, unakwenda tena. Akaushika kifundo kwa mkono wa kushoto, kama unavyomshika mtoto asikimbilie barabarani.

Ncha ya pipeti ikagusa mdomo wa kichupa. Nje ya mdomo.

Hapo unatupa pipeti. Unatupa na kichupa. Yeye ndiye aliyenifundisha, tena kwa kunichapa vidole. Ikigusa imekufa, alikuwa anasema, hata kama ni mboni ya jicho lako.

Aliona. Nina hakika aliona, kwa sababu alisimama kidogo. Kisha akaendelea.

Niliondoka kwenye kioo nikaenda kuosha vitu vilivyokwisha oshwa.

Nilifunga vizuri. Yaani nimefunga vizuri mno! Laiti ningekuwa mpuuzi kama wanavyosema.

Jumamosi, 8 Machi

Zamu yangu ya wikiendi. Nyekundu. Sikumwita mtu.

Jumapili, 9 Machi

Nyumbani. Vyumba vyetu viwili, meza moja. Mama alipofariki mimi nilikuwa sijui hata kufunga kamba za viatu, na Dada ndiye aliyenifungia, mpaka leo. Kila mchumba aliyekuja aliambiwa mimi na mdogo wangu ni kifurushi kimoja. Wakaangalia kifurushi, wakaaga. Nilikuwa namtania kwa hilo. Leo sijui nilichokuwa nacheka.

Alimimina chai. Nusu kikombeni, nusu mezani. Akafuta haraka.

Nikasema, "Dada, mkono una nini?"

"Una vidole vitano. Kama wako."

"Dada."

"Kunywa chai."

"Umekwenda hospitali?"

Akakunja kile kitambaa, akakikunja tena, mpaka kikawa kidogo kama kiberiti. Akasema amekwenda. Ni mishipa ya fahamu. Kuna vidonge, vinapunguza, haviondoi. Wamemwambia mkono hautarudi ulivyokuwa.

Nikamuuliza kwa nini hakusema kazini. Akasema, "Nikae wapi nikishasema? Mimi nikiingia kwenye lile kabati, feni inavuma, hakuna anayenisemesha, pale ndipo nilipo. Huku nje ni mtu tu."

Nilitaka kunyamaza. Mdomo wangu haujui. Nikasema, "Na mimi nilipokuwa nachekwa pale?"

Akakikunjua kile kitambaa.

"Nilikuwa naomba iwe wewe," akasema. "Kila tangi lilipoharibika. Nilikuwa naomba iwe ni nati zako, mdogo wangu. Wewe ukirudi kwenye chupa utapanda tena. Una mikono."

Sikukasirika. Ndilo jambo la ajabu. Tangu Ijumaa na mimi naomba hilo hilo. Nikamwambia basi tumefanana, tofauti ni sura tu, ya kwangu nzuri. Akacheka, halafu akainuka akaenda kuosha kikombe kimoja kwa muda ambao mtu anaosha sufuria sita.

Jumatatu, 10 Machi

Nyekundu. Haina hata kivuli. Kuna wakati nililigonga lile tangi kwa kidole nikaliambia chachuka basi, mwana wewe.

Nikaenda kwa Mkuu. Nikasema nina la kusema kuhusu yale matangi matatu. Nikasema nilikosea: kichujio cha hewa nilikiweka kimelowa, nati nilikaza kwa kuzunguka badala ya msalaba, na bomba la kuchotea sikulipangusa kwa spiriti. Nikaongeza na mengine. Nilipofika kwenye la tano nikaanza kuchanganya tangi la pili na la tatu.

Mkuu akavua miwani yake. Akasema tangu uajiriwe hujawahi kukubali hata umechelewa, leo umefanya makosa matano kwa mpigo?

Nikasema dhamiri imenisuta.

"Tusubiri tangi liseme," akasema. Halafu akauliza, kwa sauti ya chini, dada yako hajambo? Nikasema hajambo. Akasema haya.

Maisha yangu yote najisifu na watu wanatikisa kichwa. Leo nimejiponda, na bado hakuna anayeniamini.

Miwani ameanza kuja kwenye dirisha la Dada. Anatazama kabati urefu na upana, kama mtu anayepima chumba cha kupanga. Si mtu mbaya, huyu Miwani. Ndiyo maana siwezi hata kumchukia vizuri.

Jumanne, 11 Machi

Naandika hapa hapa maabara, karatasi juu ya goti. Mkuu bado hajafika.

Nilikuja mapema nilichafue. Naandika hivyo hivyo. Ni kazi nyepesi: unafungua bomba la kuchotea bila kulipangusa, unalishika kwa vidole vitupu, unairudisha supu kidogo ndani. Mkuu akifika haitakuwa imegeuka. Ila ningemwomba atoe siku moja zaidi, kwa kisingizio chochote, na kesho ingekuwa njano tele.

Dada alikuwa amekwisha fika. Ameketi kwenye kigoda changu, mbele ya tangi, mikono mapajani. Taa hakuwasha. Ile supu ilikuwa inazunguka mbele yake polepole, nyekundu, safi. Unaona mpaka ukuta wa pili.

Nikamuuliza mbona mapema. Akasema, "Na wewe?"

Nikaegemea meza.

Akasema, "Limekaa vizuri." Akasema tena, "Hata mimi zamani, mikono ikiwa mizima, sikuwahi kufunga tangi likakaa hivi. Nimeangalia nati zako moja moja. Hii ni kazi nzuri sana."

Nzuri sana. Miaka yote namsubiri aseme. Nilitamani alimeze neno lake.

Nikasogea kama naangalia namba. Mkono ukaenda kwenye bomba. Akauliza, bila kugeuka, "Glavu zako ziko wapi?"

Nikasema mfukoni.

"Mkono mtupu unafanya nini kwenye tangi?"

Akaweka mkono wake juu ya wangu. Ukawa unatetemeka juu yangu, na mimi nikawa sijui tena ni upi unaotetemeka. Akasema ukilichafua hili, Fundi atatafuta ufa usiokuwepo mpaka achoke, na mimi nitabaki kabatini. Tangi la nne litakufa. La tano pia. "Nimeua matatu, mdogo wangu. Nilikuwa najua, na nimeua. Usinipe la nne."

Nikasema Dada, nitakuwa nashika mimi, we unanielekeza tu, hakuna atakayejua. Nikasema mengi. Sikumbuki yote. Nadhani nililia, ila kwa heshima ya karatasi tuseme ni spiriti iliniingia machoni.

Alinisubiri nimalize. Kisha akachukua ile kalamu ya ubao, akanipa. Kila asubuhi matokeo huandikwa ubaoni, Mkuu anasoma kabla hajavua koti. Akasema, "Andika wewe. Ukiandika wewe nitaweza kuyasoma."

Sasa yuko chumbani kwake. Amevaa glavu. Kidole kimoja kilikosea tundu, akaanza upya, sikumsaidia kwa sababu hapendi. Anapangusa kabati kwa spiriti, kona kwa kona, na vile vichupa vyote ameviweka kwenye ndoo ya kutupa. Amenipa mgongo. Feni inavuma.

Mlango wa chini umefunguliwa. Ni viatu vya Mkuu kwenye ngazi, anasalimiana na mfagiaji.

Ubaoni nimeandika tarehe. Tarehe tu.