Tulivyobahatisha Kura za Marekani

Rumonge, Jumatano, wiki ya tatu baada ya Pasaka

Mdogo wangu Revokatus,

Amahoro ya Bwana yawe nawe, na mkeo Ineza, na watoto wenu ninaowajua kwa picha tu. Kabla ya yote niambie habari za mgongo wako. Mara ya mwisho ulisema kiwandani wamekubadilishia kazi ili usiinue tena vitu vizito. Je, umepata nafuu, au ulisema vile ili nisiwaze? Mimi sijambo kwa neema ya Mungu. Goti la kushoto linanisumbua nikipanda kwenda kanisani, lakini nikishafika linatulia, nami najiambia hata goti linajua lilikokuwa linakwenda. Jovita wangu hajambo kule Kabezi, mtoto wake ameanza kusimama. Ziwa limepanda tena mpaka kwenye ukuta wa akina Hamissi, nao wamehamia kwa shemeji yao juu ya barabara. Huku kwetu Mungu bado ametuachia pakavu.

Barua hii anakuletea Sista Benita, anayekuja huko kwenye mkutano wa shirika lao. Nimeona niandike kwa mkono, maana kwenye simu mtandao unakatika, na usipokatika, wewe unanikatiza. Usikasirike, unajua ni kweli.

Uliniuliza imekuwaje watu wa Rumonge, ambao hawajaona hata theluji ya kwenye friji, walijua nani atashinda kwenye jimbo lako wakati wenzako wa kiwandani walikosea. Nitakueleza, na ndani yake kuna jambo langu.

Ilianzia kwa Melkiades, fundi wa redio na simu. Wewe humjui. Kibanda chake kiko ubavuni mwa meza yangu ya samaki wadogo, ndagala, pale sokoni. Naye alikulia Tanzania kama sisi, ila kambi nyingine ya wakimbizi. Kwao ni Minago, na mke wake alishafariki kama mume wangu, Mungu awarehemu. Redio yake haizimwi. Tangu uliponifungulia dosiye, yale maombi ya kukufuata huko, kila habari ya Marekani naisikia kama habari ya nyumbani kwangu, basi nikawa nasogeza kigoda changu karibu na mlango wake.

Mimi nilidhani kura ni moja, mnapiga, rais anapatikana, kwisha. Melkiades akanieleza kwamba kwanza kila chama kinachuja watu wake wenyewe, jimbo baada ya jimbo, miezi na miezi, mpaka abaki mmoja wa kwenda kupambana na wa chama kingine. Nilishangaa sana. Ndugu wa nyumba moja wanasemana mbele ya dunia nzima, halafu baadaye wanashikana mikono? Ni kweli, Revokatus? Na yule aliyeshindwa, watu wake wanamfuata mshindi kwa moyo au kwa midomo tu?

Majina yao yalitushinda, tukawapa yetu. Kulikuwa na Mzee wa Mahindi, maana kila picha yuko shambani. Kulikuwa na Bwana Tai, kijana mwenye tai ndefu na mikutano inayojaa kama siku ya kumpokea askofu. Na kulikuwa na Mama wa Miwani. Huyo ndiye aliyesema redioni kwamba watu walioomba kuwafuata ndugu zao wasicheleweshwe tena. Siku hiyo Joanita, anayeuza mawese, aliniambia nianze kutafuta koti.

Hapo ndipo tulipoanza kubahatisha. Sisemi kutabiri, maana kutabiri ni kazi ya manabii na Padri angenigombeza. Tuliahidiana atakayekosea achote maji ya kibanda kizima. Jean Bosco, yule wa pikipiki, alisema atashinda Bwana Tai kwa sababu ya ule umati kwenye simu yake. Joanita alichagua kwa sauti tu. Alisema mtu asiyekohoa akihutubia ana afya ya kutawala. Mimi nikakumbuka uchaguzi wa kwaya yetu. Kila mtu alijua atashinda Jean-Pierre, na angeshinda kweli, lakini siku ile ilinyesha, barabara ikajaa maji, na waliofika ni akina mama wale wazee wasiokosa hata misa ya alfajiri. Wakamchagua mama mwenzao. Nikajiuliza, kule kwa Revokatus theluji ikianguka, nani atatoka nyumbani? Ndiyo sababu nilikupigia kukuuliza jirani zako wazee wanampenda nani, nawe ukacheka, ukasema Mama wa Miwani. Nikasema ni yeye. Akashinda, na Jean Bosco akachota maji.

Usidhani nikawa mjuzi. Jimbo lililofuata nilisema tena ni Mama wa Miwani, akapigwa vibaya, nikachota maji na goti langu hili. Melkiades akanieleza kosa langu. Kwenye jimbo lako, alisema, ulikuwa ni uchaguzi wa wenye parokia peke yao. Kule kwingine mlango uko wazi, hata asiye wa chama hicho anaruhusiwa kuingia na kupiga kura. Basi kumbe haitoshi kujua nani anapendwa. Lazima ujue nani anatoka nyumbani na mlangoni wanamruhusu nani. Ndiyo maana nilikuwa nakupigia kila wiki kuuliza kama jimbo fulani mlango uko wazi au umefungwa, nawe ukadhani nauliza habari za mpaka. Tulicheka siku nzima.

Lakini kuna jambo moja lilinishinda kulielewa. Melkiades ndiye aliyetufundisha sheria zote, na ndiye aliyekuwa akikosea kuliko sisi wote. Kila jimbo ambalo Mama wa Miwani alikuwa na nguvu, yeye alisema ataanguka. Akichota maji, anarudi, anasema jimbo linalofuata ndilo atakaloanguka. Joanita akawa anamchokoza: “Fundi, redio unaitengeneza lakini huisikii.” Naye anatabasamu tu, anabeba bidoo la maji.

Basi wiki ya pili baada ya Pasaka habari ikaja. Waliokuwa wamebaki wamejitoa, Mama wa Miwani amepata bendera ya chama. Ni mchujo tu, bado kura yenyewe, lakini ungewaona watu wa soko. Walinipa mkono kama nimebatiza mtoto. Joanita akaja kupima chanja zangu za kukaushia samaki aone kama zitaenea uani kwake. Mimi nikakaa kwenye kigoda. Melkiades akatoka, akaniangalia, akasema, “Mama Jovita, wako amepita. Mbona umekaa kama aliyeletewa habari ya msiba?”

Nikamjibu ni jua. Nikafunga meza, nikaenda kanisani, nikapiga magoti nimshukuru Mungu. Shukrani haikuja. Nilianza rozari mara mbili, na kila mara nikajikuta niko kwenye shamba la baba kule Kigwena, kwenye ile michikichi mirefu iliyozeeka, ambayo siku hizi hakuna tena anayethubutu kuipanda kukata ngazi, ile mikungu ya mawese. Unajua sijapanda mche hata mmoja tangu dosiye ilipoanza. Mchikichi unataka miaka kabla ya kuzaa, na mtu anayeondoka hapandi.

Nikamwuliza Mungu, kwa nini silii kwa furaha? Ndipo nikalijua jambo ambalo nakuandikia kwa aibu. Niliupenda ule mchujo kwa sababu ni mrefu. Wakati wao wanachujana, hakuna aliyeweza kuniambia nifunge mizigo. Midomo yangu ilikuwa inasali novena ashinde, na moyo wangu unaomba libaki jimbo jingine.

Sitaki kuja, mdogo wangu. Nataka kukuona, natamani hata leo, lakini kuishi nataka kuishi hapa.

Na la pili ulisikie kutoka kwangu, si kwa watu. Kabla ya Noeli Melkiades aliniomba tuoane. Nilimwambia siwezi kujibu mpaka tuone kura za Marekani zinakwenda wapi, naye akakubali kungoja na hakuniuliza tena. Nilipotoka kanisani siku ile nilimkuta bado kibandani. Nilimwuliza kwa nini mtu mwenye akili kama yake alikuwa akikosea vile. Akaweka bisibisi chini.

“Nilijua atashinda,” alisema. “Kulitamka ndiko kulikonishinda.”

Nilimjibu palepale. Jumamosi tulikwenda Kigwena pamoja, tukapanda miche ya michikichi kwenye upande wa chini, karibu na msitu. Jovita nimemwambia, akaniuliza kama huyo bwana anakunywa pombe. Nikamwambia anakunywa chai, tena nyingi.

Najua ninachokufanyia. Ulihangaika na ile dosiye, ukakosa siku za kazi ili kwenda kuulizia maofisini, na usiku ule wa kura uliingia kwenye theluji na mgongo ule kumchagua Mama wa Miwani kwa ajili yangu. Hilo ndilo linalonichoma. Kama una hasira, kasirika, una haki. Lakini nakuomba uiandikie ile ofisi waifunge dosiye, nafasi yangu apate anayeihitaji.

Padri yuko tayari kutangaza ndoa kanisani. Nimemwomba asubiri, maana baba hayupo na kaka zetu hawapo, umebaki wewe, na sitaki jina langu lisomwe mbele ya watu kabla ya neno lako. Watu wa Melkiades wanataka kuja kwetu kuomba rasmi. Lazima pawe na mtu wa nyumba yetu wa kuwapokea na kuwajibu, na mtu huyo anapaswa kuwa wewe. Kama huwezi kusafiri, baba mdogo Nestori bado ana sauti, ingawa akianza kuhutubia hajui kushuka.

Msalimie sana Ineza, umwambie vile vitenge alivyotuma nimevipokea, murakoze cane. Wabariki watoto kwa mkono wangu. Joanita anakusalimu, Jean Bosco pia. Melkiades anakusalimu kwa heshima. Nilimwambia aandike mstari mmoja hapa chini, akasema hana ruhusa bado.

Nakuombea kila siku, hata siku ambayo utakuwa umenikasirikia.

Mimi dada yako akupendaye,
Kornelia

Sista Benita atakaa huko wiki mbili. Tafadhali nijibu upesi, umpe barua mkononi, na uniandikie nani asimame mahali pako.