Mipira Miwili ya Buluu

Nachingwea, Jumapili

Baba Davis,

Hatujambo. Davis kikohozi kimemwachia, na mbaazi za mama kutoka Chiola zimefika. Naandika kwa sababu kwenye simu ungenikatia.

Picha za maonyesho ya sayansi ya shuleni kwenu Ruangwa nimeziona kwenye grupu la walimu. Ule mfano wa himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, mliotengeneza wewe na mwalimu Doris umependeza. Mipira minne ya matambara, miwili ya aina moja na miwili ya aina nyingine, imeshikamana vilevile ninavyowafundisha wanafunzi wangu wa kemia: mmoja ukidaka oksijeni, mingine inadaka kwa urahisi zaidi. Sijui tu kama mkono wa Doris begani kwako nao ni sehemu ya somo.

Mipira ya njano ni kitenge cha gauni alilovaa siku mlipopokelewa hapo shuleni. Sina neno. Ila hiyo ya buluu niliikuza picha mpaka nikaona kifungo cheupe nilichokishona mwenyewe kwenye shati lako kwa uzi mweusi. Dunstan, si uliniambia shati lile liliibiwa kwenye kamba?

Jumamosi njoo nayo himoglobini yenu, usiifumue. Mkasi ninao. Miwili ya buluu itabaki kwangu, miwili ya njano ni ya kurudishiwa mwenyewe. Wewe utachagua unafuatana na ipi.

Mkeo mpaka Jumamosi,
Ritha