Mgongo Wako Mlangoni

Kawempe, Kampala

Mama yangu mpendwa,

Mulembe. Je, goti limepoa? Mahindi yameota, au mvua imewachelewesha tena? Mimi mwili umepona ile malaria. Moyo ndio bado. Dada Nasimiyu, wewe unayemsomea Mama, soma polepole, na jirani akiingia, ikunje kwanza.

Mama, nimehama Namuwongo. Sikai tena jirani na Barasa. Najua utashtuka, kwa sababu ulipotuaga ulituambia tushikane, na yeye, mtoto uliyemchukua mamake alipofariki, hukuwahi kumtenga nasi hata kwa kijiko cha mboga. Ndiyo maana nataka uyasikie haya kutoka kwangu.

Unajua mimi na Barasa tulikuwa tukichora mabango ya maduka kule karibu na reli. Basi ofisi moja ya vitabu ikatafuta mchoraji wa vitabu vya watoto. Tangu vita viishe shule zinafunguliwa, lakini vitabu hakuna. Kila aliyetaka kazi alipewa neno moja tu akalichore: Mlango. Hakuna maelezo mengine.

Barasa alimaliza siku hiyo hiyo. Mbao, bawaba, kufuli, vyote vimenyooka. Ungetaka kubisha hodi. Mimi nilichora nikachana. Nilichora mlango wa kanisa, nikachora wa duka lililotobolewa na risasi, na kila mara nikabaki na mbao tu. Nikajiuliza, mlango kazi yake ni nini? Ndipo nikakumbuka ule mwaka mchwa walipoula mlango wetu. Mvua ikija, ulikaa kizingitini umejifunika gunia, uso kwetu, mgongo nje, ukichambua maharagwe kana kwamba hakuna jambo. Sisi watatu tulikuwa wakavu. Mgongo wako hatukuuona hata siku moja, Mama, kwa maana tulikuwa ndani.

Basi nikauchora huo. Nilijiweka nje, penye mvua, nikachora gunia lililolowa na mabega yako yamejaza uwazi wote. Pembeni ya kiuno nikaacha upenyo mdogo: mwanga wa moto, na miguu ya watoto watatu. Nilipomwonyesha Barasa, machozi yakamlenga. "Nafula," akasema, "huyu ni Mama kabisa." Siku ile nilimpenda kuliko siku zote.

Kisha homa ikanilaza. Barasa alinipikia uji, akanifunika, akasema atapeleka michoro yote miwili. Nikamshukuru.

Nilipopata nguvu alikuwa ameshaanza kazi. Aliniambia wamemchukua yeye, nikampongeza kwa moyo mweupe. Nikaenda ofisini tu kuuomba mchoro wangu, niutume kwako. Mama mmoja Mganda, ndiye mkubwa pale, alinipokea vizuri.

"Nafula? Wewe ndiyo ya ile mlango na kufuli. Bambi, pole, ulijaribu, lakini ilikuwa mbao tu."

Nyuma yake, ukutani, ulikuwa wewe. Mgongo wako, gunia lako. Na chini, kwa wino, jina la Barasa.

"Huyu mwanamke ni nani?" nikamwuliza.

"Barasa alituambia ni mama yake. Sisi wote hapa tulilia."

Barasa alikuwa kwenye meza ya dirishani. Hakuinua macho.

"Barasa, ulibadilisha majina."

"Nafula, tusiongelee hapa."

"Ulibadilisha?"

"Ulikuwa mgonjwa. Hatukujua kama utaamka." Akashusha sauti. "Na ni mama yangu pia. Nilikuwa ndani ya nyumba ile."

Hapo ndipo aliponimaliza, Mama. Kama angesema uongo mtupu ningepiga kelele. Nikamwambia, "Mama ni wako pia. Sijakunyima. Mchoro ni wangu."

Nikamgeukia yule mama nikamweleza yote. Alisikiliza, akamtazama Barasa, akautazama ukuta. Kisha akasema, "Nyabo, kitabu imeshaenda kuchapwa na hiyo picha ndani. Hiyo maneno ya ndugu mumalize nyumbani." Barasa akashika penseli akaendelea na kazi. Nikatoka.

Sasa nachora mabango huku Kawempe kwa mwanamke Mkongomani anayeuza vitenge. Juzi amenipa ukuta mzima nichore nitakavyo. Bado sijaugusa. Kila nikiwaza kitu kizuri, naogopa nani ataniona nikikichora. Hilo ndilo alilonichukulia, Mama, kuliko ile kazi.

Krismasi atakuja na kitabu. Utakiona, nawe utajijua. Sikuombi umfukuze, mpikie, mpe kitanda chake. Hata akikuambia mchoro ni wake, sikuombi ugombane. Ila nakuomba moja: ukiongea nami, usimwite kaka yangu. Mwite mwanao. Hilo siwezi kulikataa.

Nisalimie Baba Mdogo na ng'ombe wake mkaidi, na shangazi anayeongoza kwaya, na shemeji, mumewe Nasimiyu. Mwambieni kofia aliyoagiza nimeipata. Barasa alimtuma mtu aniambie nikuandikie salamu zake. Mama, hizo sikuzibeba. Atazileta mwenyewe.

Ni mimi mwanao,
Nafula