Mwende Ameiba Maisha Thelathini

Jumamosi, 14 Agosti 1993. Asubuhi mawingu na baridi. Jua lilitoka saa nne.

Bado nacheka. Tulikuwa tumekubaliana na dada yangu Mwende kwamba atakayeshindwa kwenye mchezo wa TV atateka mitungi minne ya maji. Mimi nilipewa maisha matatu, nikafa mara tatu. Yeye alikufa mara kumi na bado anakimbia! Kumbe vile vifungo nilivyomwona akibonyeza kwa kujificha kabla ya kuanza ndivyo vilivyompa maisha thelathini.

"Mwende ameiba!" nikapiga kelele. "Ameiba maisha thelathini!"

Susu, nyanya yetu, akatoka jikoni mbio na mwiko. "Ameiba ya nani? Mwende, mrudishie mwenyewe sasa hivi!"

"Si ya mtu, Susu. Yako tu ndani ya TV."

Susu akaitazama TV, akatutazama sisi. "Kama si ya mtu, hakuna wizi. Lakini mbona ulijificha?"

Mwende akachukua mitungi.

Nafikiri Susu amesema yote. Akicheza peke yake, achukue hata mia, nani ataumia? Lakini tukiwa tumewekeana dau la maji...

Sasa siri yangu. Mwende alipotoka tu, nilivijaribu vifungo vile. Nikapata thelathini, na nikafa mara zote thelathini kabla hajarudi na mtungi wa kwanza. Sijui kama hiyo ni dhambi au ni aibu tu. Sitamwambia.

Nazima taa, saa nne na robo usiku.