Majani kwa Madam Rukiya

International City, Dubai
19 Oktoba 2018

Mpendwa Mama,

Habari za Kangema? Goti limeacha kukusumbua, ama bado unalificha? Mimi mzima, nakula vizuri. Barua hii nimempa Harrison, askari wa mlango wa jengo la ofisi yetu, anayekuja likizo huko nyumbani.

Mama, keti kwanza. Ofisi yetu ya safari pale Oud Metha imefungua meza mpya, na nimekalishwa mimi. Ni ya watu wanaotaka kutembelea nchi ambazo bangi haimfungishi mtu. Usishtuke, mimi nauza tiketi na hoteli tu. Kanada wameihalalisha juzi, hata mgeni anaingia dukani ananunua. Uholanzi wanaifumbia macho. Uruguay ni halali, ila kwa wenyeji, mgeni hauziwi. Kazi yangu kubwa ni kuwaonya kabla ya kurudi: hapa hata punje mfukoni ni jela, hata ikipatikana kwenye damu tu. Nawaambia waache kila kitu huko.

Bwana mmoja na mkewe wanazizunguka nchi hizo mwezi ujao. Wakirudi salama, meza itakuwa yangu kabisa, na kibao chenye jina langu juu yake. Mimi, Mama, binti wa Teresiah wa Kangema.

Simu yangu imevunjika kioo. Ukiwa na neno, tuma kwa simu ya ofisi. Anayeishika ni Madam Rukiya, mkubwa wangu. Wazee wake walitoka Unguja, na Kiswahili chake kinanifanya nichunge changu. Wateja wetu wanapenda chai ya kijani isiyo na maziwa, nikawaringia kwamba mama yangu ni mkulima wa chai.

Binti yako,
Everlyn

*

Kangema, 15 Novemba 2018
(kwa simu ya ofisi)

Mwanangu Everlyn, hujambo? Wote kazini wazima? Sisi wazima, goti limenyamaza. Barua yako nimewasomea kina mama wa kanisa, ile sehemu ya bangi nikairuka. Walipiga makofi.

Harrison anasafiri kesho. Nimempa majani yako, mfuko mzima. Ni ya shambani kwetu, nimeyachuma na kuyakausha mwenyewe yakabaki kijani vile ulisema. Mwonjeshe Madam na wale wateja wako. Yanatuliza kichwa. Harrison achunge yasishikwe uwanja wa ndege.

Mama yako

*

Kangema, 20 Novemba 2018
(kwa simu ya ofisi)

Everlyn, hujambo? Naona ujumbe wangu ulisomwa na hakuna jibu, hata salamu. Kama nimemkosea Madam kwa kuandika, anisamehe. Nina wasiwasi, mwanangu.

Mama yako

*

International City, Dubai
23 Novemba 2018

Mpendwa Mama,

Poa moyo, mimi mzima na simu yangu imepona. Natumaini hata wewe sasa unalala usiku.

Madam alisoma ujumbe wako akaninyang'anya meza siku hiyo hiyo, akampa Swaibu, kijana wa Uganda tunayefanya naye kazi. Sikuambiwa sababu. Niliumia, Mama, nikalia chooni. Jumanne Harrison akaingia na sare yake, mfuko kwapani. Madam akarudi nyuma mpaka kwenye mashine ya fotokopi.

"Yalla, toka nayo nje," akamwambia. Halafu kwangu: "Everlyn, wataka tufungwe sote? Hayo majani huko kwenu mwayafanyia nini?"

"Tunakunywa, madam. Asubuhi na jioni."

"Na watoto?"

"Hata watoto. Hata pasta akija, kitu cha kwanza ni majani."

"Pasta pia," akasema, akakaa chini.

Hapo nikaona kila nikifungua mdomo nazidi kujifunga. Nikachukua mfuko kwa Harrison, nikawasha birika. Harufu ilipopanda, Madam akasogea taratibu, akainusa.

"Hii si chai?"

"Ndiyo, madam. Majani."

"Mwanangu, kwetu hii yaitwa chai. Ukisema majani peke yake, ni bangi hiyo ya wateja wako."

Alicheka mpaka shela ikamtoka. Akaniomba radhi mbele ya Swaibu, akanirudishia meza. Yule bwana na mkewe wametua salama, mifuko mitupu kama nilivyowaagiza, na wamekunywa chai yako vikombe viwili viwili. Kibao kililetwa jana. Madam anauliza, utatuma mengine?

Binti yako,
Everlyn

*

Kangema, 2 Desemba 2018

Mwanangu Everlyn,

Hujambo, na Madam hajambo? Goti limerudi, lakini halinizuii kutembea nikiringa.

Nilikasirika kwanza. Mimi, kiongozi wa kina mama, kudhaniwa muuza bangi. Kisha nikacheka peke yangu shambani, jirani akadhani nimechanganyikiwa. Mfuko mpya unakuja. Nimeandika CHAI pande zote, na chifu ameupiga muhuri. Aliuliza kwa nini. Nikamwambia binti yangu ana meza Dubai.

Wale wateja unawaambia waache kila kitu huko. Wewe ukija likizo, kibao chako usikiache. Nataka kikae hapa mezani, tukinywa majani.

Mama yako,
Teresiah